Dokta Alivyomzamisha Mama Yangu

Jumamosi, Ujiji. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne. Sasa ni jioni, ukingo wa ziwa umekuwa mwekundu kwa tope linaloshuka kutoka milimani, na mimi nimekaa kibarazani kwa shangazi nikiwa na furaha ambayo sina hakika kama ni halali.

Niseme tu ukweli. Leo nimemwaibisha mtu mzima mbele ya watu, na nimefurahia kila dakika.

Nilisomea sayansi ya bahari Unguja. Nilizamia kwenye matumbawe hadi ngozi ikawa na ladha ya chumvi, halafu nikarudi nyumbani Kigoma. Watu huniuliza mtu wa matumbawe anatafuta nini Tanganyika, ziwa lisilo na tumbawe hata moja. Nawaambia tuna miamba. Huko chini kuna samaki wasiopatikana kwingine kokote duniani. Wapo wanaobeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, wapo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono kama wapangaji. Kazi ni ileile: unashuka na mtungi wa hewa mgongoni, unahesabu, unapiga picha, unapanda, unaandika kabla hujasahau.

Kwa miaka sita nilizamia mwamba mmoja kusini mwa hapa. Niliugawa vipande vinne, na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nikavipa majina ya wanawake wa kwetu. Kile kirefu kuliko vyote, chenye pango, nilikiita Mwajuma. Ni jina la mama. Maisha yake yote alianika dagaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, akafariki mwaka ule ule nilioanza kazi, hakuwahi kuona hata picha moja.

Mkuu wangu wa mradi alikuwa Dokta Mbelwa. Kila mwezi nilimtumia nilichoandika, pamoja na picha na ramani. Ripoti ilipotoka, jina juu lilikuwa lake peke yake. Langu nililikuta ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, chini ya dereva: "Bi Zuhura, mpiga picha."

Mpiga picha!

Nilimwandikia, hakujibu. Nikamwandikia tena. Mkataba wangu ulipoisha hakuna aliyenipigia simu. Tangu hapo, miaka miwili sasa, nafundisha tuisheni ya baiolojia na nalala na jina la yule mtu, naamka nalo. Kuna siku nilikuwa nakuna nazi nikajikuta nazungumza naye kwa sauti. Shangazi aliniangalia tu, akaendelea kuchambua mchele.

Leo asubuhi Dokta alikuja kutambulisha mradi mpya kwa wavuvi, kwenye darasa la shule iliyo jirani na mwalo. Mradi wa kuchagua miamba itakayofungwa isivuliwe, ili samaki wazaliane. Msingi wake ni ile ripoti. Sikualikwa. Mzee Hamisi, mwenyekiti wa wavuvi, ndiye aliyenidokeza, nikaenda na daftari langu la kwanza kwenye mkoba. Nikakaa dawati la nyuma.

Picha ya kwanza aliyoiweka ukutani ilikuwa yangu. Pembeni yake inaonekana ncha ya pezi langu la njano la kuzamia. Akaizungumzia kana kwamba alikuwapo. Kisha akaonyesha ramani, na pale katikati pameandikwa Mwajuma.

Nikanyoosha mkono. Aliniona, akasita kidogo, halafu akatabasamu. Nadhani alifikiri nimekuja kuomba kazi.

"Shikamoo Dokta. Samahani, hilo jina Mwajuma limetoka wapi?"

"Marahaba. Swali zuri," akasema, akawageukia wageni aliokuja nao. "Ni historia ya hapa hapa. Wazee wanasimulia kwamba zamani sana kulikuwa na mwanamke aitwaye Mwajuma aliyezama pale. Wavuvi wakaupa mwamba jina lake."

Kisha Mzee Hamisi akasema, taratibu kabisa, "Wazee gani hao, Dokta? Mzee hapa ni mimi."

Mama mmoja dirishani akadakia, "Mwajuma yupi? Wa dagaa? Yule hakuzama! Alikufa kwa presha, tukamzika Buzebazeba. Mwanawe si huyo hapo nyuma!"

Vicheko vikaanza. Mimi sikucheka. Nilikuja nikiwa na hasira ya ripoti, lakini huyu mtu alikuwa amemchukua mama yangu, amemtupa ziwani, ili tu asiseme jina langu.

Nilisimama. Nilisema mwamba ule niliupa jina mimi, nikaenda mbele nikaweka daftari mezani kwa Mama Lyimo, mama mtu mzima aliyetumwa na wafadhili. Kurasa zimevimba kwa maji, lakini mwandiko wangu unasomeka. Alizifunua polepole. Halafu akavua miwani.

"Dokta, ndani ya pango la Mwajuma kuna nini?"

Dokta akaanza kupekua ripoti yake.

"Bila kusoma," Mama Lyimo akasema. "Umeshawahi kushuka?"

"Mimi nina tatizo la masikio, Mama. Siruhusiwi kuzamia."

Hapo nami ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Nilimwambia mitungi ipo kwa rafiki yangu pale mwaloni, maji ni mita tano tu kwenye kipande cha kwanza, tuvae sasa hivi wote wawili atuonyeshe. Nilijua hawezi hata kuogelea. Nilitaka aseme mwenyewe. Akasema. Jasho lilikuwa limeloanisha kola yake na sikumwonea huruma hata kidogo.

Mama Lyimo aliufunga mkutano. Akaniambia mradi unasimama mpaka apate maelezo yangu kwa maandishi, Jumatatu. Mzee Hamisi alinishika bega tukitoka. "Umefanya vizuri, mwanangu. Ila sasa na sisi tumesimama." Hilo sikuwa nimelifikiria. Nalifikiria sasa.

Dokta alinifuata hadi kwenye mitumbwi iliyopandishwa mchangani.

"Zuhura, mdogo wangu, haya tungeyamaliza wawili."

"Nilikuandikia mara ngapi, Dokta?"

"Nitaliweka jina lako. La kwanza kabisa."

"Sitaki ulitaje tena."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na Unguja? Nani alisaini barua yako ya kwenda kusoma Unguja, wakati ofisi nzima inasema mtoto wa muuza dagaa hawezi?"

Alisaini yeye. Ni kweli. Alinitetea katika kikao ambacho sikuwapo, na aliyenisimulia hakuwa yeye. Bila sahihi ile nisingeujua mtungi wa hewa. Nilimgeuzia mgongo ili asione uso wangu, nikaondoka.

Shangazi kanisikiliza mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Na hilo la Unguja utawaandikia?"

Nikachukua kalamu.

Barua ya kumpelekea Mama Lyimo iko hapa mapajani, kurasa tatu. Nimeandika kuhusu ramani, picha, na shukrani chini ya dereva. La Unguja niliandika mstari mmoja, nikaukata. Baadaye nikauandika tena, kwa sababu ni kweli na mimi kazi yangu ni kuandika kilichopo. Halafu nikamkumbuka amesimama pale ubaoni, anatabasamu, anamzamisha mama.

Nimeukata kwa kalamu nzito, hausomeki tena.

Mtu mwema angeuacha. Najua. Jumatatu asubuhi naipeleka kwa mkono wangu.