Fundi Aliyeilaumu Pedali

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana sina mwingine wa kumwambia, mimi ni fundi cherehani, na mke wangu ndiye aliyekuwa akinishonea vifungo tangu tuna chumba kimoja, mchana duka usiku kitanda, jioni tunasukuma meza ukutani tunacheza muziki wa redio mpaka jirani agonge, ah, zile siku, alikuwa akicheka hadi anakaa chini, lakini sasa jogoo hapandi mtungi, mwanzo ilikuwa mara mojamoja, siku hizi kimya, hata alfajiri, nami kwa aibu nikasingizia kazi za sare nikawa nalala dukani juu ya vitambaa, na juzi amekunja nguo zake akasema, "Baba watoto, kama umepata mwingine sema tu, nihamie kwa dada." Sina mwingine, mshauri, nampenda vilevile. Rafiki yangu kinyozi ameniletea vidonge vya mtaani, naogopa kuvinywa maana nikipanda ngazi kifua hunibana, na shavu la mguu hukaza nikitembea, nikisimama linaachia, ila hilo ni la pedali ya cherehani, nimeshaifungia mota nisikanyage tena, nasubiri lipoe.

Fundi Pindo

Fundi, pole sana, na huo muziki nimeuonea wivu. Lakini una kichwa kigumu! Umefunga mota, mguu bado unauma, na bado unailaumu pedali? Maumivu yanayokuja ukitembea na kuondoka ukisimama huenda ni mishipa ya damu iliyoziba kiasi, na damu isiyofika vizuri mguuni yaweza isifike vizuri huko kwingine pia. Kifua ndicho kinachonitisha zaidi. Vidonge mrudishie kinyozi, abaki na mikasi yake. Vikikutana na baadhi ya dawa za moyo vinaweza kukuua. Kesho asubuhi nenda hospitali, mweleze daktari yote matatu, kifua, mguu na jogoo, bila kumung'unya maneno. Atakupima moyo, shinikizo, sukari na mafuta ya damu, pengine na kipimo cha kuona damu inavyopita kwenye mishipa. Dawa zipo, na wengi hupata nafuu. Kama unavuta sigara, zima hiyo uliyoshika. Kifua kikibana umekaa tu, usingoje asubuhi.

Lakini kabla ya daktari kuna mkeo. Wewe unaficha aibu, yeye anadhani umemkinai. Mtoto wa watu anakunja nguo kwa kosa asilolifanya! Funga duka sasa hivi, urudi nyumbani, umwambie, "Mama watoto, sina mwingine, ninaumwa." Akianza kuuliza, mjibu yote.