Kichujio Kisichozimika

Kaka Twahiru,

Salamu kutoka Remera. Goti la Mama limepoa, anakuombea dua kila swala.

Kile kipimo cha sauti ulichonizawadia kinasema kila ampli ya kukuzia sauti unayonitumia kutoka Dar ni safi. Naitilia sahihi, naiuza, kisha mteja anairudisha amefura: inavuma! Jana nilikifungua kipimo. Swichi ya kuzimia kichujio chake cha mvumo ni pambo tu. Nyuma yake mtu amelehemu kapasita, kijisehemu cha umeme kinachozuia mvumo usipimwe, hata ukizima kichujio.

Mguu wa kapasita umekunjwa kama ndoana. Baba alitufundisha sisi wawili tu kukunja hivyo. Baba ni marehemu, na mimi sikuigusa.

Njoo siku ya Idi, ukizime kichujio hicho mbele ya Mama, tusikilize huo mvumo pamoja.

Mdogo wako,
Leila