Miaka ya Ramadhani

Jumatatu, 6 Oktoba
Ofisi ya pensheni tena. Mara ya nne. Nimetoka Buyenzi kwa miguu, bahasha kwapani. Miaka yangu ya kazi hapa Bujumbura haitoshi. Lazima iunganishwe na kumi na tisa ya Kigoma, nilipokuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Karani amelinganisha karatasi mbili. Akauliza, bila ukali: “Muzee, huyu Ramadhani ni nani?”
Nimesema ni mimi. Kisha nimesema si mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Niweke wazi, angalau hapa. Nilikimbilia Kigoma kijana, sina karatasi. Mkimbizi haandikwi kazi. Ramadhani, kaka wa mke wangu Zaina, mzaliwa wa Ujiji, akanipa cheti chake cha kuzaliwa. Yeye fundi nguo. Alisema cherehani haiulizi vyeti. Miaka kumi na tisa nikaitika jina lake.
Alifariki nikiwa bado kazini. Tulimzika kimya. Kifo hakikuandikishwa, nisije nikafukuzwa. Kesho yake asubuhi niliripoti kiwandani. Jina likaitwa. Nikaitika.
Naona haya hadi leo.

Jumanne, 14 Oktoba
Karani ana huruma, na huruma yake inaniumiza. Amesema Kigoma wataileta ile miaka, familia ikithibitisha. “Bibi yake asaini tu kama Ramadhani ni we. Muko mutu mumoja. Dosiye, hii faili yako, inaisha.”
Nimempigia simu Bi Asha, mjane wake. Nikiwa bado natafuta maneno, akanitangulia. Kiwanja cha mumewe hawezi kukirithi; kwa serikali, bado yu hai. Alikuwa akingoja nistaafu.
“Shemeji, sasa naomba mume wangu afe.”
Sikumwambia nilichompigia.

Jumatano, 15 Oktoba
Sijala. Pensheni ndiyo ingenunua dawa za moyo za Zaina. Nimemweleza yote. Amekunja nguo mpaka zikaisha.
“Kaka yangu amefanya kazi yako ya kutosha. Mwache.”

Ijumaa, 31 Oktoba
Tumerudi jana kutoka Ujiji. Nimetia sahihi kama shahidi wa kifo, kwa jina langu. Msajili akauliza kazi ya marehemu. Nikasema fundi nguo. Kiwanda sikukitaja.
Ofisini nimeomba bahasha yangu; miaka ya Kigoma nimeiacha. Karani amenirudishia na karatasi zote.
Baada ya swala Zaina ameshika nakala ya cheti cha kifo karibu na dirisha, anisomee. Macho yangu herufi ndogo yamezikataa. Ameanza na wilaya, akafuata tarehe. Akafika penye jina, akalisoma taratibu.
Nilikaribia kuitika.