Dakika Nzima ya Kuhesabu Pumzi

Bi Rukia wangu,

Nimepita mtihani wa kutunza wagonjwa! Nakuandikia hata sare sijavua. Leo mchana majina yalisomwa chuoni, hapa karibu na Adams Arcade, na langu lilikuwa la tatu. Nilipiga kigelegele mpaka bawabu akaja kuuliza ni nani anaolewa.

Hukujua kwamba mara ya kwanza nilianguka. Ilikuwa wiki mbili tu baada ya wewe kutuacha. Nilimshika mgonjwa mkono, nikaanza kuhesabu pumzi, nikafika sita, nikashindwa. Nilikuwa nakiona kifua chako, asubuhi ile pale Kileleshwa, pumzi zikipungua mpaka nikakosa cha kuhesabu. Basi nikaandika kumi na nane, nambari ya wavivu wote wasiohesabu. Kumbe mwalimu alikuwa anahesabu pia: ishirini na sita! Akaniambia imebaki nafasi moja tu, nikianguka tena nirudi kwetu.

Na jinsi ulivyojitaabisha kunifundisha! Mimi Wanjiru, niliyeletwa na mwanao kukupikia na kukuogesha, nikakuta nesi mstaafu asiyetaka kustaafu. Ulikuwa ukinyoosha mkono kwenye kochi: "Haya mwanangu, fanya kazi." Joto, mapigo ya moyo, presha. Pumzi ulinifundisha kuziiba: endelea kushika kifundo cha mkono kama unayehesabu mapigo, maana mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, huzibadilisha.

Ngozi nayo ulinifundishia kwenye chapati zangu. Ulibandua tabaka la juu: "Hili la juu limekufa, halina damu." Ukabandua la pili: "Hapa ndipo pana uhai. Mishipa ya damu, jasho, maumivu, vyote viko hapa." Halafu ukaangalia sahani: "Na chini kabisa ni mafuta. Nawe, mtoto wa watu, umeyazidisha." Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Sasa sikiliza ya mtihani. Mgonjwa wangu alikuwa mama mnene mwenye maneno mengi, katoka harusini, vidole vyake vimekolea hina na kucha zake zimepakwa piko nyeusi tititi. Mwenzangu aliyenitangulia alimbana kidole na kile kimashine cha kupima oksijeni, kikasoma themanini na mbili. Maskini, alitoka mbio akiitisha mtungi wa oksijeni!

Zamu yangu ikafika, kimashine kikasoma vilevile. Nikamtazama mama: anaongea bila kukatika, midomo kwa ndani ni myekundu vizuri. Nikamshika kifundo cha mkono, nikaangalia saa, nikaanza kuziiba pumzi zake. Nilipofika sita machozi yakaja, Bi Rukia. Nikayaacha yateremke, nikaendelea kuhesabu. Saba. Nane. Dakika nzima, pumzi kumi na saba. Nikaomba kibanio cha sikioni, kikasoma tisini na saba.

"Mbona hukuitisha oksijeni?" mwalimu akauliza.

Nikamwambia rangi imekaa kwenye kucha na ngozi iliyokufa, inazuia mwanga wa mashine kufikia damu iliyo chini. Kabla hajajibu, yule mama akadakia: "Aki huyu msichana ako sawa! Yule mwingine alinitisha, nikadhani nakufa na sijamaliza pilau ya watu!" Hata mwalimu alicheka, na kalamu yake niliiona ikiweka alama ya vema.

Nyumbani kwako wazima. Salim, mjukuu wako, amejua kupima presha, na anatupima sote kila tukikaa kula. Ulipozikwa alasiri ya siku ileile uliyofariki nilishangaa, maana kwetu tungekesha wiki nzima tukikuimbia. Nilihisi umeondoka kabla sijakuaga vizuri. Basi nikuage leo, nikiwa na furaha, maana ungependa hivyo.

Jumatatu naanza kazi Kitisuru, kwa mzee mmoja ambaye mapafu yake yamechoka. Naogopa kidogo. Huenda siku moja pumzi zake nazo zitapungua mkononi mwangu. Nakuahidi sitaandika nambari nisiyoihesabu, wala sitauachia mkono wake. Dakika yake nitampa yote.

Pumzika, mwalimu wangu. Mungu akuweke pema.

Mwanao,
Wanjiru