Mazoezi ya Kufungua Soko

4 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, na mbele ya mashahidi wawili ambao mmoja alikuwa amesinzia, natangaza rasmi kwamba ofisi ya kata imepokea ndoo sita za kunawia mikono. Tano zina mabomba. Ya sita ina tundu la bomba.

Hujambo lakini? Mwanao na wajukuu wazima? Sisi huku hatujambo, ila mimi nina mgongo, na kitambi ambacho barakoa haikifichi. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na mwanao kaniambia umeapa huzungumzi na serikali bila maandishi. Haya, serikali imeandika. Mleta barua ni dereva wa lori la maziwa.

Habari yenyewe: soko letu linafunguliwa, baada ya miezi mitano. Wilaya inataka kwanza tufanye mazoezi. Wauzaji wasimame mita mbili mbili, wanunuzi wapange foleni, wanawe, wavae barakoa, ila bidhaa zisiwepo. Kisha tarehe ishirini na tano tunafungua kweli, na mkaguzi atapita. Nafasi isiyo na mtu itapewa aliye kwenye orodha ya wanaosubiri. Yako ipo palepale, kando ya fundi viatu. Nimeizungushia chokaa kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana imepinda. Robota la mitumba ulilomwachia mke wangu halijaguswa. Njoo, dada.

Mdogo wako


11 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipokea, na za ndoo pia. Sisi wazima. Wajukuu wananichosha nami nawachosha, tumetoka sare.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu, sikukiona. Unasema soko lilifungwa Machi. Siku ile soko halikufungwa, nilifungwa mimi. Ulikuja asubuhi na kofia yako ya kazi, ukanisomea waraka, nikakunja nguo, nikapanda gari kuja kwa mwanangu. Jioni mwuza viazi akanipigia: "Shoga, mbona umetukimbia? Leo tumeuza mpaka tukachoka!" Kesho yake barabara zikafungwa, nami huku, na simu mkononi.

Najua ugonjwa haukuwa mzaha, na soko lilipaswa kufungwa. Nauliza kimoja tu: kwa nini mimi peke yangu, siku ile? Ukinijibu, nakuja. Usiponijibu, mpe nafasi huyo anayesubiri, pamoja na chokaa yako iliyopinda.

Dada yako


15 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Mgongo umepoa kidogo. Kuhusu swali lako, utekelezaji ulifanyika kwa awamu. Wewe ulikuwa awamu ya kwanza.

Sasa sikia mazoezi yalivyokwenda jana. Niliwaagiza watu wauze hewa, na wakaiuza kwelikweli. Mwanzoni walicheka. Baada ya dakika kumi wakasahau kucheka. Mwuza viazi akainua debe tupu, mwalimu mkuu akachungulia ndani.

"Ongeza, hujajaza."

"Sijajaza wapi, mwalimu? Huoni mlima huo?"

"Mlima nauona. Ila hivyo vya juu vimeoza."

Nikaingilia kuwakumbusha kwamba debe halina kitu. Wote wawili wakanigeukia: "Bwana Waraka, mambo ya biashara tuachie wenyewe!" Ndivyo wanavyoniita siku hizi. Mchinjaji naye kanuna mpaka leo, kwa kuwa mtu alimrudishia nyama akidai kapewa mifupa mitupu. Zile mita mbili zilidumu mpaka ugomvi ulipoanza. Watu wetu hawajui kugombana kwa mbali.

Mama mmoja alisimama kwenye nafasi yako kwa mazoea, akauliza, "Mama Mitumba hajaleta sketi za shule?" Fundi viatu akaniangalia. Mimi nikaenda kukagua ndoo.

Mdogo wako


19 Agosti

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimecheka peke yangu mpaka mwanangu akaja kunishika paji la uso aone kama nina homa.

Bado hujanijibu.

Dada yako


26 Agosti

Dada yangu,

Natumaini hamjambo. Mimi miguu imevimba, nitakwambia kwa nini.

Jana soko lilifunguliwa. Saa mbili mkaguzi alianza kupita, nafasi yako tupu. Nikavua kofia, nikafungua robota, nikasimama mwenyewe. Mkaguzi akaandika "ina mtu", hakuandika ni mtu gani. Akaninong'oneza kwamba atavumilia mpaka Jumamosi, baada ya hapo mwenyewe awepo. Mchinjaji nimemuuzia blauzi ya kike. Analalamika inambana, nimemwambia itaachia.

Ndipo mwuza viazi alipopaza sauti: "Bwana Waraka! Leo nawe umeonja kusimama juani! Mwenye nafasi hiyo ulimfanya nini, hebu tuambie!" Foleni nzima ikanigeukia. Nikawaambia. Na kwa kuwa dereva wa maziwa alikuwepo, na yule kifua chake hakiweki neno, afadhali ulisikie kwangu.

Hakukuwa na awamu, dada. Waraka ulisema soko lote, siku ile, saa tatu asubuhi. Niliwaogopa. Mwuza viazi ana ulimi, mchinjaji ana kisu. Nikaanza na wewe ili waone nimemfunga dada yangu wa tumbo moja, wakose la kusema. Tena nilijua wewe hutanitukana mbele za watu. Na kweli, ulisema tu, "Sawa, mdogo wangu," ukaanza kukunja nguo. Nilipowafikia wale wengine walinizomea, nami nikawaambia haya, malizieni siku, mwisho kesho.

Wakati huo ulikuwa hujaondoka. Ulikuwa kituoni, umekalia mfuko wako, nakiona kitambaa chako cha kichwani. Ni hatua chache tu. Lakini kukuita urudi kungenilazimu kukwambia na sababu. Basi niliuinua waraka nikajifanya nausoma, mpaka nikasikia gari limeondoka.

Mdogo wako