Punda wa Baba Mkwe

Makutupora, 4 Juni 2024

Mdogo wangu Mbaruku,

Assalaam alaikum. Habari za Kolo, habari za wifi Tabu, na goti la mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila vidole vimechanika kwa kufunga mizabibu kwenye waya tangu asubuhi. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unaitikia "sawa dada, sawa dada", halafu ukikata huna hata neno moja ulilolishika. Denis, kondakta wa basi la Kondoa, ataikabidhi mkononi mwako. Isome mara mbili.

Kiangazi ndiyo hicho kimeingia. Mama hawezi tena kushuka korongoni na kupanda kile kilima na ndoo kichwani. Daktari alishasema, akiendelea hivyo mwakani atakuwa hatembei. Kwa hiyo ile pesa niliyotuma ni ya punda, si ya kitu kingine. Aliyekwisha kufundishwa kazi hatumwezi kwa bei, basi tafuta mchanga asiyejua mzigo, na huyo anataka macho.

Nenda mnadani ufanye alivyokuwa akifanya marehemu baba. Mfungue mdomo utazame meno, maana mwuzaji hata punda mzee atakuambia kazaliwa juzi. Mtazame kwa mbele anapotembea, miguu inyooke, magoti yasigongane. Mgongo usibonyee. Nyanyua kwato zote nne. Anayekunyima mguu leo atakunyima mwaka mzima. Halafu tabia. Pita nyuma yake taratibu, mwekee gunia tupu mgongoni, kisha mtenge na wenzake umvute hatua ishirini. Akitetemeka halafu akatulia, huyo anafundishika. Akilala chini, mwage mwenye mali uondoke zako.

Dada yako,
Jaha


Kolo, 15 Juni 2024

Dada Jaha,

Shikamoo. Barua nimeipata na nimeisoma mara mbili kama ulivyosema. Sisi hatujambo, mama anakusalimu sana, goti ni lile lile.

Punda amepatikana, na mnadani sikufika. Baba mkwe, Mzee Masudi, alisikia natafuta akaniita, akasema kwa nini niende kwa wageni wakati yeye ana dume zizini hajawahi kuguswa na mzigo. Mzuri, dada. Manyoya yanang'aa, macho ya upole.

Sasa, umeniambia nimfungue mdomo. Nitamfunguaje mdomo punda wa baba mkwe, mwenyewe amesimama pale na kanzu yake? Ni sawa na kumwambia uso kwa uso kwamba ni mwongo. Nilimtazama kwa pembeni tu. Miguu anayo minne. Nikauliza tabia yake, mzee akajibu, "Kama watoto wangu." Na Tabu ni mtoto wake, ningesemaje? Nimemwambia nitarudi.

Mdogo wako,
Mbaruku


Makutupora, 20 Juni 2024

Mbaruku,

Salamu kwa wote, na mama umwambie namwombea. Wewe sijui nikuombee nini.

Miguu minne hata meza inayo. Nilikutuma ukakague mnyama, wewe ukaenda kukagua kanzu. Haya ya mkwe naijua, nami nimelelewa nyumba hiyo hiyo, lakini haya haitateka maji. Kama unashindwa, tuma mtu. Ulipoposa hukwenda mwenyewe, tulimtuma Mbwana. Mtume huyo huyo. Pale yeye si mkwe wa mtu, ana haki ya kumshika punda popote apendapo.

Asipowekewa gunia mgongoni, usinunue. Narudia tena: usinunue.

Dada yako,
Jaha


Kolo, 9 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kazi inaendelea. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Mbwana alikwenda. Hata zizini hajafika, Mzee Masudi akamkaribisha ndani, akachinjiwa kuku. Walipokuwa wanakula mzee akamuuliza kwa upole kama mimi nina shaka naye. Mbwana akasema hata kidogo, amepita kusalimia tu. Akashiba, akarudi. Jioni Tabu akaniuliza kama ni kweli nimetuma mshenga kumchunguza baba yake, na tangu hapo hakunisemesha siku mbili. Basi nikalipa, nikamchukua yule punda, amani irudi nyumbani.

Sasa nikwambie ukweli. Ukimwekea gunia tupu, analala. Ukimnyanyua, anageukia njia ya kwa Mzee Masudi na kulia mpaka majirani wanatoka nje. Tabu alipokwenda sokoni ndipo nilipomfungua mdomo. Meno marefu, ya manjano, yamelalia mbele. Hapungui miaka kumi na mitano, dada, na hajabeba hata debe moja. Walishamjaribu wakamshindwa zamani, mimi nikapewa kama mchanga.

Nilitaka kumrudisha, mama amekataa katakata. Anasema mnyama wa mkwe harudishwi, bora yeye abebe maji kuliko abebe aibu. Na kwa kuwa punda hataki kushuka korongoni, hata maji anayokunywa yeye mama ndiye anayempandishia, kichwani. Nimeona haya kukuandikia hili, ndiyo maana nimechelewa.

Mdogo wako,
Mbaruku


Makutupora, 16 Julai 2024

Mbaruku,

Leo sina salamu. Nimesoma barua yako shambani, nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kwa hasira mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Nimeumiza mikono yangu hapa miezi yote hii ili mama apumzike, na wewe umemwongezea mtu mwingine wa kumchotea maji.

Sawa, mama amesema harudishwi, hatarudishwa. Lakini wewe una kichwa na una mabega. Kuanzia siku unayopokea barua hii, maji unachota wewe. Usiniambie mwanamume habebi ndoo. Wakicheka, wacheke. Nikisikia mama amebeba ndoo nyingine, naacha mavuno, nakuja huko, na nitamfungua yule punda mdomo mbele ya Mzee Masudi na wanawe wote.

Jaha


Kolo, 2 Septemba 2024

Dada yangu Jaha,

Shikamoo. Najua umekaa wiki nyingi bila neno kutoka kwangu, na Denis ameniambia unamuuliza kila basi likipita. Sikuwa na nguvu ya kuandika. Nilikuwa nachota maji.

Siku za kwanza wanawake kisimani kule korongoni walinicheka hadi wakachoka, kisha wakanipa zamu yangu na kunifundisha kusokota kata ya kuwekea ndoo kichwani. Wiki iliyopita napanda kilima na ndoo kichwani, nikakutana na Mzee Masudi karibu na nyumba. Punda wake amesimama kivulini nyumbani kwetu, anatafuna pumba. Mzee akamtazama punda, akanitazama mimi, akauliza kama mnyama anaumwa. Nikasema mzima, baba. Akauliza, basi mbona ninabeba mwenyewe? Dada, nilikuwa na maneno yote yako mdomoni, nikashindwa.

Nikamjibu, "Namwonea huruma, baba."

Mzee akanishika bega, machozi yakamlengalenga. Akasema katika maisha yake hajaona kijana mwenye moyo kama huo. Ijumaa akawasimulia watu nje ya msikiti, na sasa nikipita wazee wananipa mkono. Tabu anatembea kifua mbele.

Jana amekuja tena, anakokota punda wa pili. Ni ndugu wa yule wa kwanza, mama mmoja. Ameniletea zawadi, anasema wanyama wake hawezi kumwachia mtu mwingine yeyote. Nilimshukuru, dada. Ningefanya nini?

Lakini amri yako nimeitimiza. Mama hachoti tena. Goti limepungua uvimbe, juzi amekwenda kwa jirani bila fimbo. Mimi nachota safari tano kwa siku: mbili za nyumbani, tatu za punda.

Mdogo wako,
Mbaruku