Samaki wa Mama Walionyeshewa

Kisiwa cha Dunphy,
Ghuba ya Placentia,
Newfoundland.
24 Agosti 1966

Mpendwa dada Philomena,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Boston? Mgongo wa shemeji Walter unaendeleaje? Sisi hatujambo, ingawa magoti yanamsumbua Mama na mimi usingizi umenikimbia.

Dada, tunahama. Mwezi ujao, bahari ikitulia, nyumba itafungiwa mapipa matupu, isukumwe majini na kuvutwa na mashua hadi bara. Mume wangu Gus anasema hata vikombe vitabaki kabatini. Namwambia tutaona, maana ni yeye yule aliyeshindwa kuvusha kuku mmoja.

Unajua Mama alivyokuwa amekataa. Serikali haitusaidii kuhama mpaka kila nyumba ikubali, na katika kila mkutano kanisani mikono yote iliinuka isipokuwa wake. "Kaburi la baba yenu nimwachie nani?" ndilo lilikuwa jibu lake. Wenzetu watoto wao hawana mwalimu tangu mwaka juzi, basi wakamchukia. Wakaacha kuja kunywa chai jioni. Hata Monica Pomeroy, jirani uliyecheza naye utotoni, akawa anampita Mama kisimani kama hamwoni.

Mama aliendelea na shughuli zake. Alioka mkate, akaenda kichanjani kuanika samaki wa chumvi, huku akiimba kwa makusudi wamsikie.

Jumanne ya wiki iliyopita wanaume walikuwa baharini na mimi nilikuwa mlimani nachuma matunda, mvua ikaja ghafla. Unakumbuka desturi yetu: anayeiona kwanza hupiga kelele, na wanawake wote hukimbilia kichanja kilicho karibu, kiwe cha yeyote, wafunike samaki kwa maganda ya miti. Hata mwaka ule Baba na mzee Pomeroy walipokuwa hawasemezani, samaki wetu walifunikwa.

Safari hii nilimsikia Mama akipiga kelele, akarudia, akarudia tena. Nilipofika, nahema, Monica na wenzake walikuwa wamefunika samaki wao na kusimama milangoni mwao wakitazama. Mama alikuwa amepiga magoti peke yake, samaki wote wameloa. Nikaanza kuwatukana, akanishika mkono.

"Waache, Bride. Hawa wameshahama. Tumebaki mimi na wewe tu."

Jumapili, mkutanoni kanisani, Mama aliinua mkono. Hakuna aliyeshangilia. Monica alilia kwa sauti, akaja kumkumbatia, na Mama akamwambia, "Nyamaza mwanangu, utawatia watoto hofu." Mimi bado sijamsamehe Monica.

Najua ukisoma haya utakata tiketi uje kuiona nyumba kabla haijang'oka. Dada, usije. Si mimi ninayesema, ni Mama, nami nimelia kabla ya kukuandikia. Anasema kumuaga Baba anaweza. Lakini wewe ukishuka gatini ukamwita, atasahau kwamba aliinua mkono, ataingia jikoni kukuwekea chai, na hakuna atakayeweza kumtoa tena.

Msalimie sana shemeji, pamoja na Cyril na Rita, waambie bibi yao anawabusu. Mungu awalinde huko mliko, na atupe bahari tulivu siku ile.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bride